Miaka Saba Niliyojipunguzia

Katekista wa kanisa letu la Masinya alikuwa na baiskeli isiyo na breki. Akitaka kusimama aliweka kisigino cha kiatu kwenye gurudumu la nyuma, na kile kiatu kililika upande mmoja mpaka hata akitembea kwa miguu, mahali tambarare, alionekana kama mtu anayepanda mlima. Sijui kwa nini nimemkumbuka leo. Nimekaa na daftari niwaandikie nyinyi vijana mnaofanya kazi za kubeba na kupima habari ya pesa ya uzeeni, na aliyekuja kichwani ni yeye na kisigino chake. Basi apite kwanza, halafu tuendelee.

Padri alikuwa anakuja kubatiza, na katekista alitakiwa aandike watoto wote na umri wao. Masinya ya siku zile nani alikuwa na tarehe? Mama yangu alijua tulizaliwa mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia kwenye mashamba ya watu kule Majanji, lakini kitabu cha katekista hakikuwa na mahali pa kuandika ziwa. Akasimamisha baiskeli yake ukutani. Mtoto aliyefika kwenye kiti cha baiskeli aliandikwa miaka mitano. Aliyefika kwenye usukani, saba. Ndugu yangu Opio akafika kwenye kiti. Mimi nikafika kwenye usukani.

Mama akasema, "Katekista, hawa ni mapacha. Nimewazaa siku moja. Huyu Opio ndiye alitangulia, Odongo akamfuata."

Katekista akatazama kitabu, akatazama baiskeli. "Mama," akasema, "kalamu imeshapita."

Ndivyo nilivyomzidi kaka yangu miaka miwili, kwa ajili ya miguu mirefu tu. Tulicheka sana. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu sikujua kwamba karatasi haisahau.

Sasa nije kwenye kazi. Kazi yangu ilikuwa mahindi. Darasa la nne liliponishinda nilihangaika hapa na pale, halafu nikaingia kwenye ghala la mama mmoja pale Busia yetu, ya Uganda, ghala lililo hatua chache kutoka barabara ya mpakani. Huyo mama tulimwita Mama Nekesa. Alinunua mahindi kwa wakulima wa Masaba, Masinya na kwingine, akayauza kwa malori yanayovuka kwenda Kenya. Nilianza kwa kubeba magunia. Nikapanda nikawa mshonaji wa midomo ya magunia, kwa ile sindano ndefu na kamba ya katani. Mwisho nikawa mng'ataji. Msicheke. Ilikuwa cheo. Mng'ataji ndiye anayeweka punje mdomoni na kusema mahindi haya yamekauka, pokea, au haya mabichi, rudisha.

Aliyenifundisha aliitwa Barasa. Alikuwa mtu wa ng'ambo, Busia ya Kenya, akivuka kila asubuhi na chupa yake ya chai kwapani kama mtu anayehamia. Alinifundisha hivi: punje kavu ukiing'ata inalia tak, inapasuka vipande. Punje mbichi hailii, inabonyea tu, halafu inakuganda kwenye jino kama ugali. Ukiwa na mashaka, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji. Hiyo ya chupa haina shule, fanyeni hata nyumbani.

Lakini somo lenyewe lilikuwa bambo. Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ndani, unakichoma kwenye gunia, punje zinateremka mkononi. Kijana anayeshika bambo mara ya kwanza huchoma juu, karibu na mdomo wa gunia, kwa sababu ndipo mkono unapofika bila kuinama. Nami nilikuwa kijana huyo. Nikapokea lori zima la mtu mmoja mpole sana, aliyeniita afande. Baada ya siku chache ghala likaanza kutoa mvuke. Gunia moja likaota. Majani ya kijani yalichungulia kwenye mshono, ungedhani mtu amelima humo ndani.

Barasa akanishika shati. "We Odongo, uling'ata?"

"Niling'ata, mzee. Yalilia vizuri kabisa."

"Yalilia ya juu. Uling'ata alichotaka ung'ate. Yule afande wako aliweka kavu juu, bichi katikati. Choma katikati ya gunia, bwana! Inama! Kiuno ni cha nini?"

Mama Nekesa hakunifukuza. Alinipa jina tu. Mwaka mzima niliitwa Bustani.

Nimewaeleza haya ili mjue kwamba mtu anaweza kufundishwa jambo moja akalishika, na jambo lile lile likija limevaa nguo nyingine asilitambue. Maana siku moja Mama Nekesa alituandikisha kwenye mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na karatasi ya mshahara ikaanza kuja na mstari wa kukatwa. Nikauona mstari ule. Nikaenda ofisini kwake mbio.

"Mama, kuna mtu anakula pesa yangu."

"Si mtu, Odongo. Ni akiba ya uzee wako."

"Mimi uzee wangu nitautunza mwenyewe. Nitoe humo. Nipe yote mkononi."

Alinishauri, nikakataa, akachoka, akanitoa. Msimu wa kwanza nikafurahi. Nilikunywa ile tofauti pale kwa mama wa malwa, ile pombe ya wimbi inayonyonywa chunguni, nikishika mrija kama waziri. Msimu wa nne Barasa ndiye aliyenikalisha chini, juu ya magunia, akaniwekea karatasi yake ya mshahara mbele.

"Soma."

"Umekatwa tano katika kila mia," nikasema. "Pole."

"Umesoma ya juu tena, Bustani. Choma katikati."

Nikainama. Chini ya mstari wa kukatwa kulikuwa na mstari mwingine: mwajiri anaongeza kumi katika kila mia. Yaani kwa misimu minne nilikuwa nimemwomba Mama Nekesa, kwa hasira na mdomo wazi, abaki na pesa yake asinipe. Nikarudi ofisini kichwa chini. Mama akacheka mpaka akavua miwani. Alinirudisha. Ile misimu minne haikurudi, iko kwenye mrija wa malwa mpaka leo.

Basi, vijana, mtadhani hapo nilipata akili. Ngojeni.

Wakaja watu wa kuandikisha vitambulisho vya taifa. Wiki hiyo hiyo ukaingia uvumi ghalani kwamba Mama Nekesa anataka kuwaondoa wote waliopita miaka hamsini. Mimi nilikuwa nimeipita kwa mwaka mmoja, kwa hesabu ya ziwa. Nikakaa nikapanga. Nilinunua rangi ya nywele, nikapaka, nikaenda kwenye foleni. Jua lilikuwa kali. Nilipofika mbele ya meza rangi ilikuwa imeshashuka shingoni, kola yangu nyeusi kama ya fundi wa magari. Karani akauliza mwaka wa kuzaliwa. Nilikuwa nimekusudia kujipunguzia miaka mitano. Nilipoiona ile kamera nikaogopa, hesabu ikateleza mdomoni, ikatoka saba.

Nyuma yangu alikuwa Opio, pacha wangu, ambaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji Tororo, mtu wa nyusi nyeupe kwa vumbi. Yeye alisema ukweli. Tulipotoka akaniangalia.

"Odongo, nimesikia vizuri? Sasa wewe ni mdogo wangu wa miaka saba?"

"Kimya. Ni mipango."

"Mama angekuwa hai angelia."

Na ule uvumi? Mama Nekesa hakumwondoa mtu hata mmoja. Nilipomuuliza miaka baadaye alishangaa. "Niwaondoe wazee nibaki na nani, na hawa wanaong'ata ya juu?"

Nikaendelea na kazi kama kijana wa kitambulisho. Tatizo, meno hayakusoma kitambulisho. Yaliondoka moja moja. Hapa ni lazima niungame jambo ambalo sikumwambia mtu. Miaka yangu ya mwisho sikuweza kung'ata punje kavu. Ningevunjika taya. Nilikuwa naweka punje mdomoni, naibonyeza kwa gego moja lililobaki, polepole, halafu napiga ulimi kwenye paa la mdomo: tak! Watu wakasikia. "Kavu," nasema, kwa uso wa daktari. Ukweli nilikuwa nimeshaujua kwa ukucha wa kidole gumba kabla punje haijapanda mdomoni. Kwa hiyo sikumwibia mtu. Lakini ulimi wangu ndio uliokuwa ukilipwa mshahara.

Nilimwoa Athieno, binti wa Paya, upande wa Tororo, na mtoto wetu wa kwanza ni Opendi. Mimi humwita nyar Paya, yaani binti wa Paya kwa lugha ya kwao, nikitaka kitu. Athieno alikuwa na ndoto moja tu tangu nimjue: kinu cha kusaga unga, kwao, karibu na barabara, ili wanawake waache kutembea na mabeseni kichwani mwendo wote ule. Alijua mahindi kuliko mimi. Yeye aling'ata kweli.

Kabla sijafika kwenye kinu, niseme kidogo ya kodi, maana nimeikumbuka na nikiiacha itapotea. Serikali ilipoweka kodi kwenye pesa ya simu, mimi nilikuwa namtumia Athieno matumizi kwa simu kutoka Busia hadi Paya. Nikasema, mimi? Mtu wa mpakani? Kodi itanijua? Nikabadilisha pesa ya Uganda kuwa ya Kenya pale barabarani. Nikampa Barasa, akaituma kwa laini yake ya Kenya kwa rafiki wa shemeji yake pale Malaba. Yule akaibadilisha tena kuwa ya Uganda, akampa mtu wa bodaboda apeleke Paya. Kila mkono ulipapasa kidogo. Jioni Athieno akanipigia.

"Baba Opendi, pesa imefika. Lakini hii ni kidogo sana. Kodi imekuwa kubwa hivi?"

"Hapana. Kodi hatujalipa."

"Kumbe tungelipa ingebaki ngapi?"

Nikakata simu nikasema ni mtandao. Baadaye ile kodi yenyewe ilipunguzwa, na mimi bado nilikuwa nazunguka Malaba.

Haya. Opio alitimiza miaka hamsini na mitano, umri wa kulipwa akiba. Akapeleka kitambulisho chake cha ukweli, akachukua akiba yake yote, akaezeka nyumba mabati, akanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Tulizaliwa siku moja, yeye akiwa anakunywa chai ya maziwa mimi nikiwa bado napiga ulimi ghalani. Ikapita miaka mitatu hivi, na mzee mmoja wa Paya, Mzee Okoth, akataka kuuza kiwanja chake cha barabarani. Kile kile ambacho Athieno alikuwa akikiangalia tangu usichana. Kulikuwa na mtu wa mjini Tororo anakitaka ajenge baa.

Athieno akaja mpaka Busia kwa miguu yake. Hajawahi. Akaniketisha.

"Baba Opendi, sijakuomba kitu kikubwa. Hata kitenge cha Krismasi nanunua mwenyewe. Sasa naomba. Unakwenda kuchukua ile akiba yako lini?"

Sikuwa nimemwambia habari ya saba. Nikamwambia. Akasema, "Basi kesho twende wote, ukawaambie wewe ni mzee." Kama vile ni jambo ambalo mtu akinitazama hataliona.

Tukaenda. Kwenye dirisha la ofisi ya mfuko wa akiba alikuwepo binti mmoja mpole, mwenye miwani. Nikatoa kitambulisho, nikamweleza. Akaniomba ushahidi mwingine wa umri. Nikatoa kwa fahari kadi yangu ya ubatizo, imefungwa kwenye nailoni. Akasoma. Akasoma tena.

"Mzee, unasema una pacha?"

"Ndiyo, binti yangu. Yeye alishalipwa."

"Pacha wako ana hamsini na nane. Kitambulisho chako kinasema hamsini na moja. Kadi ya kanisa inasema sitini. Mama yenu alikuwa anapumzika katikati?"

Foleni nzima ikacheka. Athieno pia, na hilo liliniuma, halafu likanifurahisha, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa amekunja uso. Nikajaribu kueleza habari ya baiskeli. Nadhani nilizidi kuharibu.

Binti alinieleza kwamba kusahihisha kitambulisho kuna njia yake, viapo na barua na kungoja, na kwa karatasi zangu zinazogombana nisitarajie haraka. Kwa kitambulisho nilicho nacho nilibakiwa na miaka minne. Nikaona Athieno anainuka.

"Lakini mama, keti kwanza," binti akasema. "Mzee, bado uko kazini?"

"Niko. Mimi ndiye mng'ataji."

"Sheria ina mlango mwingine. Aliyefikisha hamsini, na amekaa mwaka mzima bila ajira, anaruhusiwa kudai akiba yake. Mwaka mzima. Ukiandikwa tena kazini, hata kwa mwezi mmoja, unaanza kuhesabu upya."

Hapo nilielewa kitu kimoja cha ajabu. Hiyo sheria ilikuwepo siku zote. Ilikuwa katikati ya gunia. Mimi, mwanafunzi wa Barasa, nilikuwa nimechoma juu tena.

Athieno akaenda kwa Mzee Okoth na mbuzi wa shukrani. Mzee akakubali kungoja, lakini akaweka mpaka: mavuno makubwa ya mwaka ujao yakipita, kiwanja kinakwenda kwa mtu wa baa. Ukihesabu mwaka wangu na mavuno yale, nafasi iliyobaki ilikuwa wiki chache. Nikirudi kazini mwezi mmoja tu, kwisha.

Mwaka ule nitausema kwa ufupi, kwa sababu njaa haina hadithi ndefu. Tulikula muhogo. Nililima kwa Opio nikalipwa maziwa, na alinikumbusha kila asubuhi kwamba wadogo huwaheshimu wakubwa wao. Katikati ya mwaka redio ikatangaza sheria mpya: aliyefikisha arobaini na mitano na amechangia miaka kumi aruhusiwe kuchukua sehemu ya tano ya akiba yake, hata kama bado yuko kazini. Nikarusha jembe. Nikamwambia Athieno kumbe ningebaki kazini ningepata kipande. Akasema, "Kipande hakijengi kinu. Okota jembe." Nikaokota. Mama Nekesa alituma watu mara mbili msimu wa mvua, mahindi mabichi yanamzidi, nirudi japo kwa muda. Mara zote mbili Athieno ndiye aliyewapokea, mimi nikiwa nimejificha jikoni kama mdaiwa. Kumbe nilikuwa najificha nisisikie sauti inayonisifu. Hiyo ndiyo ingenirudisha.

Mwaka ukaisha. Dirishani alikuwa binti yule yule. "Mzee wa pacha," akasema. Tulimlipa Mzee Okoth mahindi yakiwa bado yanavunwa. Kinu kinanguruma hapa ninapoandika, ndiyo maana mistari yangu inatetemeka. Vijana, andikeni tarehe zenu za kweli, hata kama haziwapendezi. Na andikeni majina ya warithi, msiseme kesho.

Lakini nimeruka siku yenyewe ya kuondoka, na hiyo ndiyo niliyotaka kuwaandikia tangu mwanzo, kabla katekista hajaingia na baiskeli.

Ilikuwa asubuhi. Nilimwambia Mama Nekesa naacha. Hakuamini. Alikwenda kuchukua faili langu, akalifungua, akagonga kwa kidole.

"Unaacha kwa nini? Hapa una hamsini na moja! Bado kijana! Una miaka minne mizima, Odongo. Nani atanisikilizia mahindi?"

Mipango yangu ilikuwa imefaulu kabisa. Ilikuwa mbele yangu kwenye karatasi, na mihuri. Barasa, ambaye siku hizo alikuwa anakaa tu mlangoni na chai yake, alinitazama, akagusa shavu lake mahali pa gego. Alijua. Sijui alijua tangu lini.

Lori likaingia kutoka Masaba. Wapakuaji wakashusha gunia la kwanza, wakasimama, wakanigeukia kama siku zote. Nikachukua bambo, nikainama, nikachoma katikati. Punje zikateremka kiganjani. Nikazibonyeza kwa ukucha. Bichi. Nikampa Barasa zile punje, nikalaza bambo juu ya mizani, nikatoka.

"Odongo!" Mama akaita. "Njoo ung'ate!"

Koti langu lilikuwa kwenye msumari, na sindano yangu ya magunia mfukoni. Nikaliacha.

"We Odongo! Lori linangoja!"

Nikapita geti. Akaita mara ya tatu, sasa si kwa ukali, karibu aombe, na miguu ikataka kugeuka yenyewe. Nikapiga ulimi, tak, nikaisikia mwenyewe, nikashika barabara ya Tororo.